RPG bado ipo sana, ila tutaiandikia kwenye nini?

Wadau, leo naongelea kitu ambacho hapa Mbeya wanaokijua unaweza kuwaweka kwenye bajaji moja na nafasi ikabaki. Naongelea AS/400, kompyuta ya IBM ya kuendeshea mifumo ya biashara, yenye lugha yake ya RPG, siku hizi inaitwa IBM i, na hasa naongelea edita yake, yani pale mahali unapokaa kuandika na kurekebisha programu. Watu wanapiga sana kelele kuhusu mashine yenyewe, oh ya kizee, oh itakufa lini, hilo swali lilikuwa linaulizwa kabla mimi sijajua hata kuwasha kompyuta na mashine bado inapiga kazi. Mimi swali langu ni jingine, mashine ikiendelea kuwepo miaka mingine kumi na tano, hawa madogo watafungua kodi za programu (maandishi yenyewe ambayo programa aliandika) kwa kutumia nini?

Kwa ambao hamuijui niwape kidogo tu. IBM waliitoa AS/400 Juni 1988, baadae wakabadilisha majina mpaka watu wakachoka, iSeries mwaka 2000, System i 2006, na tangu 2008 inaitwa IBM i inayokaa juu ya seva za Power. Sisi tunaofanya nayo kazi tunaita AS400 tu na hakuna anayekurekebisha. Kama umewahi kukaa mbele ya kaunta ukaona mhudumu ana skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, hagusi mausi kabisa, anabonyeza F3, F12, Enter, anakupiga jibu kabla hujamaliza swali, basi kuna uwezekano ulikuwa unaangalia mtoto wa hii mashine. Lugha yake kubwa ni RPG, ambayo imeanza 1959 enzi za kadi za kutoboa, ndo maana mpaka leo RPG ya zamani ina sheria za safu, herufi ya aina ya msitari lazima ikae safu ya 6, nyota ya komenti safu ya 7, ukisogea nafasi moja umeharibu.

Na inaishi muda mrefu kwa sababu ya ujanja mmoja ambao mimi naukubali sana. Programu haiongei moja kwa moja na prosesa, inaongea na tabaka la katikati, kwahiyo mwaka 1995 IBM walipohama kutoka prosesa za biti 48 kwenda za biti 64, wateja walibeba programu zao zilezile, mashine ikazitafsiri upya yenyewe, wengi hata sosi kodi hawakuigusa. Sasa hapo ndipo matatizo yanapoanzia kwa upande wa edita, kwa sababu programu ikiweza kuhama bila kodi yake, mtu anasahau kwamba kuna siku atataka kuibadilisha. Paa zima kabisa, ngazi hamna.

Twende kwenye ngazi zenyewe, yani edita.

Ya kwanza ni SEU, edita ya zamani inayokaa humohumo kwenye mashine. Unaingia kwenye PDM, menyu ya kusimamia kodi, unaona orodha ya memba (vipande vya kodi, kila kimoja na jina lake), unaweka 2 pembeni ya jina unafungua, unaandika, unatoka, unaweka 14 inakompaili, yani inageuza kodi kuwa programu. Kwenye namba za mistari unaandika I kuingiza, D kufuta, CC na CC kunakili kipande, A au B kusema kiende baada au kabla. Mzee aliyenifundisha, amestaafu sasa anakaa Tukuyu na ndizi zake na parachichi, alikuwa anaandika hizo amri huku anaongea na simu na haangalii kibodi. Mimi nilijifunzia hapo na siwezi kuisema vibaya. Ila ukweli ni kwamba SEU imegandishwa. Sehemu yake ya kukagua sintaksi, yani kanuni za uandishi wa lugha, iliachwa kwenye kiwango cha toleo la 6.1, la 2008. Lugha yenyewe haikusimama, 2013 zikaja dcl-s na dcl-ds na wenzake, namna mpya za kutangaza data, 2015 ikaja **FREE ukawa unaandika kuanzia safu ya kwanza kama binadamu wengine. Sasa fungua kodi ya namna hiyo kwenye SEU uone, inakulalamikia msitari hadi msitari kwa kitu ambacho kompaila inakikubali vizuri kabisa, mpaka uende F13 uzime ukaguzi, na ukishazima ukaguzi umebaki na daftari tu.

Lakini kuna kitu madevelopa wa Dar wanaoicheka skrini ya kijani hawakijui. Mimi nafanya kazi nikiwa Uyole, mashine iko chumba cha seva Dar, na kati yetu kuna intaneti ambayo mvua za Januari zikianza inakuwa na mambo yake, umeme nao unakuja unaondoka. Skrini ya kijani, jina lake 5250, haitumi kila herufi unayobonyeza, unaandika skrini nzima hapohapo kwako, ukipiga Enter ndo inaondoka kwa mkupuo mmoja. Vitu vidogo sana vinapita kwenye waya. Kuna siku hata picha ya wasapu haifunguki na mimi narekebisha ripoti ya mwisho wa mwezi kwa kuunganisha simu na laptopu, bando la buku. Kwahiyo mtu akiniambia SEU ni uchafu itupwe namuuliza kwanza yeye anakaa mtaa gani.

Ngazi ya pili ni RDi, hii ni ya IBM wenyewe, imejengwa juu ya Eclipse, edita ya chanzo huria, na ina ukoo mrefu, ilianza CODE/400, ikaja WDSC, ikaja Rational. Ni edita nzuri, nisiwe mnafiki. Inaijua RPG mpya yote, inakuchorea skrini, ina debaga ya maana ya kusakia makosa, na wazee wanaipenda kwa sababu zile amri za pembeni za SEU unaweza kuziandika humohumo. Shida ni mbili. Inalipiwa leseni, na mwenye kampuni ambaye ana programa mmoja na nusu (huyo nusu ndo mimi, niko mbali) akisikia leseni ya dola kwa ajili ya kuandikia anauliza kwani mlikuwa mnaandikia nini mpaka jana. Alafu ni nzito, laptopu yangu ina RAM ya 8 na nikiifungua RDi pamoja na brauza yenye tabo tatu inabidi nichague mmoja aishi. Mwaka 2022 IBM walitoa kitu kingine kinaitwa Merlin, edita ya kwenye brauza pamoja na vifaa vya kusimamia kodi, ila ili ukiweke ulikuwa unahitaji OpenShift, jukwaa zito la kuendeshea programu kwenye seva, na hapo ndo nikaacha kusoma, kampuni inayobana kununua leseni moja haiwezi kuweka OpenShift ili mimi nibadilishe safu ya VAT kwenye ankara.

Ngazi ya tatu ndo imebadilisha hewa. Edita ya VS Code na ekstensheni yake, yani kiongezeo, ya Code for IBM i. Aliyeianzisha ni kijana anaitwa Liam Allan, ni chanzo huria, bure, inaingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, inaorodhesha memba zako, unafungua inashuka kwenye kompyuta yako, unaandika, ukisevu inapanda. Kwa sisi wa intaneti ya kuungaunga hiyo ni neema, kuandika kunafanyikia kwako. Na madogo wanaijua tayari, hakuna kumfundisha mtu F15 ni ya nini. Nilikuwa na dogo wa chuo aliyekuja field, siku ya kwanza nilimuonesha SEU, akaiangalia kimya, akauliza "kaka, hii ndo mwisho au kuna nyingine?" Nikamfungulia VS Code, mchana wake alikuwa ameshasoma programu ya stoo mwenyewe na ameniuliza maswali ambayo hata mimi sikuwa na majibu, kwa mfano kwanini indiketa 37 (swichi ya ndiyo au hapana ndani ya RPG) inawashwa sehemu tano na inasomwa sehemu moja. Nani anajua. Aliyeiandika labda ni marehemu.

Haina kila kitu, nikiri. Skrini mimi bado narudi kuchora kwenye SDA, kichoreo cha zamani cha humohumo kwenye mashine, kwa sababu kuandika DDS, maelezo ya skrini, kwa mkono, msitari wa 7 safu ya 32, ni kazi ya kuumiza macho. Ila kwa siku nyingi ndiyo ninayoshinda nayo.

Sasa mbona mimi bado naona mbele hakueleweki, kama kuna kitu kizuri na cha bure?

Kwa sababu cha bure kina mwenyewe. VS Code ni ya Microsoft. Leo wanaitoa bure na sehemu kubwa ya kodi yake ipo wazi, safi. Ila kumbukeni Atom. Ilikuwa edita ya GitHub, kampuni yenye tovuti ya kuhifadhia kodi, watu waliipenda, wakaitengenezea maekstensheni kibao, Microsoft wakainunua GitHub 2018, na Desemba 2022 Atom ikafungwa. Hawakumuibia mtu, kodi ilikuwa wazi, aliyetaka angeiendeleza, ila kazi ya kila siku iliishia pale. Na ile ekstensheni yetu wanaoitunza ni watu wachache, na IBM wanachangia, sawa, ila wachache ni wachache. Kampuni ngapi zinaitumia kila siku kwenye mifumo inayoingiza mahela na hazijawahi kutuma hata ripoti moja ya tatizo? Wanachukulia kama mvua, inanyesha tu. Siku watunzaji wakichoka au wakapata kazi nyingine tutaanza kulialia kwenye magrupu.

Na sasa hivi kuna upepo wa akili mnemba. Tangu 2024 IBM wamekuwa wakiongelea msaidizi wa RPG, wa kukuelezea kodi ya zamani inafanya nini na kukuandikia mpya. Sina shida nayo, indiketa 37 ningependa na mimi nielezewe. Ila nina wasiwasi kwamba pesa na watu wataelekezwa huko kwenye kinachong'aa, na vitu vya kuchosha kama kuchora skrini au kukompaili haraka vitabaki hivyohivyo, na edita itakuwa mlango wa kukuuzia usajili wa kila mwezi. Hii ni hisia yangu, msininukuu.

Mnaodhani natishia watu, njooni hapahapa nyanda za juu kusini niwaoneshe edita ikifa inakuwaje. Hakuna AS/400 nyingi huku, ila zipo FoxPro na VB6, vifaa vya zamani vya Microsoft vya kuandikia programu. Maduka ya dawa za mifugo, saccos, wauza mbolea, watu waliandikiwa mifumo miaka ile na vijana waliotoka Dar au waliojifunza wenyewe, na mifumo mingine inafanya kazi mpaka leo. Edita ya VB6 Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2008. Visual FoxPro, toleo la 9 ndo la mwisho, 2007 wakatangaza hakuna la 10, na Januari 2015 huduma ikaisha kabisa. Programu za VB6 zinaendelea kutembea kwenye Windows za leo maana maktaba zake bado zinabebwa na Windows, na za FoxPro nazo zinakubali. Za Clipper, lugha nyingine ya zamani, ndo zimekwama zaidi, ni za DOS, Windows ya biti 64 haizikubali, watu wanaziendesha ndani ya DOSBox, programu inayoigiza DOS.

Niliitwa sehemu moja Mbozi, ushirika wa kahawa, hawataki mfumo mpya, wanataka tu makato ya mkulima yaongezwe aina moja. Kitu cha nusu saa. Programu ipo, EXE inafunguka vizuri, data ipo kwenye mafaili ya DBF inasomeka. Sosi kodi iko wapi? Ilikuwa kwenye kompyuta ya fundi. Fundi yuko wapi? Alihamia Kahama. Kompyuta iko wapi? Mama wa ofisi akacheka tu akasema "mwanangu, hiyo si ilishauzwa na skrini yake." Kwahiyo makato mapya wanaandika kwenye daftari pembeni ya kompyuta, na kila msimu mtu anajumlisha kwa kikokotoo. Pale edita haikuwa tatizo hata kidogo, hata ningekuwa na edita bora kuliko zote duniani ningefungua nini.

Hapo ndo nikapata msimamo wangu na nausema wazi, tuache kugombana SEU au RDi au VS Code. Edita zote hizi zitapita. Cha kufanya ni kuitoa kodi mahali ambapo inategemea edita moja.

Kwa wasiojua, kwenye AS400 kodi kwa kawaida inakaa ndani ya faili kama QRPGLESRC, ndani yake kuna memba, jina la memba mwisho herufi 10, na kila msitari una namba yake na tarehe ya kuguswa. Ni mfumo mzuri ila unafunguka vizuri kwa vifaa vya humo tu. Upande wa pili kuna IFS, mafolda ya kawaida kama ya Linux. Unatoa memba kwa amri ya CPYTOSTMF, unabadilisha kutoka EBCDIC, mfumo wa herufi wa IBM, kwenda UTF-8, mfumo wa herufi unaotumika kila mahali (kwa IBM namba yake ni CCSID 1208), unaweka kwenye git, kifaa cha kutunza kodi na historia yake, na kuanzia hapo kodi yako inafunguka na edita yoyote iliyopo leo na yoyote itakayokuja, hata Notepad ukikosa kabisa. Na kompaila inakubali, amri yake ya CRTBNDRPG ina chaguo la SRCSTMF, unaipa njia ya faili inakompaili bila memba, ila ukitumia UTF-8 usisahau TGTCCSID(*JOB) utakuja kunishukuru.

Siyo vyote vinahama kwa amani. RPG III ya zamani kompaila yake haijui mafolda, lazima kwanza uipitishe kwenye CVTRPGSRC iwe RPG IV, na hapo kila programu unatakiwa uijaribu upya maana hakuna anayelipa ankara kwa kodi "iliyobadilika yenyewe". DDS zetu bado tunazirudisha kwenye memba wakati wa kukompaili. Kuna makopi ya memba mawili matatu yenye majina yanayofanana, STK010R, STK010RX, STK010OLD, na hujui lipi ndo lililo hewani mpaka ulinganishe tarehe za programu na za kodi. Hiyo kazi ya kulinganisha ndo imekula muda wangu mwingi kuliko kuhama kwenyewe, na niliipenda, nisidanganye, ni kama kusoma barua za watu.

Aliyenipinga ni yule mzee wa Tukuyu. Nilimpigia, shikamoo zimeisha, tumeongelea mvua, nikamwambia nahamisha. Akaniuliza swali moja tu, "na zile tarehe za pembeni?" Maana ukitoa memba kwenda faili la kawaida, ile tarehe ya kila msitari inabaki nyuma. Nikamuelezea git inakuambia nani amegusa msitari gani lini na kwa sababu gani, ni zaidi ya tarehe. Akasema "inakuambia kuanzia leo. Mimi msitari wa 1994 nitaujuaje?" Na ana hoja, jamani. Tarehe ya msitari imeshawahi kuniokoa, unaona mistari mitatu imeguswa siku moja unajua ni badiliko moja, hata kama komenti haipo. Tulibishana mpaka salio lake likaisha nikampigia mimi. Mwisho tukakubaliana nitoe kopi ya memba zote pamoja na namba na tarehe zake kwenye faili la maandishi, liwekwe kwenye git hiyohiyo kama kumbukumbu, halihaririwi. Hilo wazo ni lake na ni zuri, kama unahama na wewe ulifanye kabla hujafuta chochote.

Kwa madogo mnaosoma hapa Mbeya au Iringa na mnataka kuonja, kuna seva ya bure iko Ujerumani inaitwa PUB400, unajisajili unapewa akaunti kwenye IBM i ya kweli. Weka VS Code, weka ekstensheni, unganisha, andika **FREE msitari wa kwanza uone maisha. Wengi watawaambia ni lugha ya wazee. Wazee ndo wanastaafu, na mashine zao bado zina kazi, fanyeni hesabu wenyewe.

Kazini nimepeleka maombi mawili kwa bosi. La kwanza kodi yote ihamie git kabla ya mwisho wa mwaka, kakubali palepale kwa sababu halina gharama. La pili kampuni iwe inatoa kitu kidogo kila mwaka kuwachangia wanaotunza ekstensheni, au basi waniachie siku moja ya kazi kila mwezi niwe narudisha marekebisho na kuripoti matatizo kwa niaba ya kampuni. Kasoma, kauliza "si umesema ni ya bure?", nikamuelezea habari ya Atom, kasema tutaongea kwenye bajeti ya Julai.